Kupima jinsi homoni inavyoikinga kuvumwani dhidi ya chumvi: mwongozo wa maabara ndogo ya Kigoma

Mvua za kwanza zikishanyesha hapa Kigoma, kuta za mawe zilizo kivulini, mashina ya miembe ya Ujiji na saruji iliyo chini ya michirizi ya paa hugeuka kijani ndani ya siku chache. Sehemu ya ukijani huo ni mwani, nao ndio unaoteleza na kuwaangusha watu. Sehemu nyingine ni kuvumwani (moss kwa Kiingereza), ambayo ukiigusa unahisi zulia, na ukiikwangua kwa kisu inabanduka kama kipande cha mkeka kikiwa na vishina vingi vidogo vilivyosimama pamoja. Mwongozo huu unahusu mmea huo wa pili. Unaeleza namna mwalimu wa baiolojia au mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita anavyoweza kupima, kwa vifaa vinavyopatikana mjini, kama homoni iitwayo asidi absisiki inaiongezea kuvumwani uwezo wa kustahimili chumvi.

Naanza na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha mpangilio wa kazi nzima. Mara ya kwanza nilipolifanya jaribio hili na wanafunzi nilimimina homoni na chumvi katika chupa moja, nikailowesha mimea yote kwa pamoja, na baada ya siku tatu sahani zenye homoni na zisizo na homoni zilikuwa zimekuwa kahawia kwa kiwango kilekile. Niliwaambia wanafunzi kwamba dawa imeharibikia njiani. Dawa ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekosea saa. Asidi absisiki hufanya kazi kama mjumbe anayeleta habari ya ukame au chumvi, na seli inayoipokea habari hiyo inahitaji muda wa kujiandaa kabla adui hajafika. Karibu kila maelekezo yaliyomo humu yanatokana na jambo hilo.

Chumvi inavyodhuru, na homoni inavyoingia

Chumvi huushambulia mmea mara mbili. Shambulio la kwanza ni la maji: maji yaliyo nje yakiwa na chumvi nyingi kuliko yaliyo ndani ya seli, maji ya ndani hutoka kwa osmosisi, yaani huvutwa kupita kwenye utando wa seli kuelekea penye chumvi nyingi, na hayo hutokea ndani ya dakika chache. Shambulio la pili ni la polepole, kwani sodiamu inayoingia kwenye seli huchukua nafasi ya potasiamu na kuvuruga vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kemia ndani ya seli) vinavyoitegemea. Mmea wa mahindi hulipunguza shambulio la kwanza kwa kufunga stomata, yaani vitundu vidogo vya hewa vya majani yake, ili usipoteze maji zaidi, na amri ya kuzifunga hutolewa na asidi absisiki. Kuvumwani haina njia hiyo. Majani yake kwa kawaida yana unene wa seli moja tu, hayana stomata, na hunywa maji kwa mwili mzima. Kwa hiyo chumvi iliyo nje inaigusa takriban kila seli moja kwa moja.

Hata hivyo homoni ni ileile. Asidi absisiki iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika mimea yenye maua, lakini baadaye ilithibitishwa kwamba kuvumwani nayo huitengeneza na kuitikia, ingawa koo hizi mbili za mimea ziliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Mengi tunayoyajua yanatokana na kuvumwani moja ndogo, Physcomitrium patens, ambayo jenomu yake (mpangilio mzima wa vinasaba vyake) ilichapishwa mwaka 2008 na ambayo vitabu vya zamani huiita Physcomitrella. Mmea huo uliwahi kulowekwa kwenye chumvi ya milimoli 350 kwa lita na ukaweza kukua tena baadaye. Kiwango hicho ni zaidi ya nusu ya chumvi iliyomo katika maji ya bahari, na maharage yetu yasingekivumilia.

Seli ya kuvumwani ikipokea asidi absisiki huwasha jeni nyingi kwa pamoja. Hutengeneza protini zinazozizuia protini nyingine zisigandamane maji yanapopungua, hujilimbikizia sukari, na kiwazi kikubwa cha maji kilichomo ndani yake hugawanyika kuwa viwazi vidogo vingi. Homoni ikikaa kwa siku kadhaa, baadhi ya seli za nyuzi changa, yaani nyuzi ambazo kuvumwani huanzia kabla ya kutoa vishina, huwa za mviringo na zenye kuta nene, tayari kungoja siku njema. Kwa upande wa sodiamu, kuvumwani ina pampu ya kuisukuma nje ambayo inafanana na ya kuvu na ambayo mimea yenye maua haina. Maandalizi yote haya huchukua saa nyingi, ndiyo maana sahani zangu za kwanza zilikufa.

Kuhusu homoni nyingine nitasema machache. Auksini na sitokinini huongoza umbo la kuvumwani: ya kwanza huzisukuma nyuzi changa zirefuke, ya pili huzifanya zichipuze vishina. Si za kuanzia kwa swali la chumvi, na mwanafunzi anayetaka kuzichanganya zote katika jaribio moja azuiwe mapema.

Kuchagua mmea na maji

Kusanya kati ya Novemba na Aprili, wakati mmea uko hai na unakua. Tafuta zulia moja lenye upana usiopungua kiganja, la aina moja kwa kuonekana, kwenye ukuta au shina lililo ndani ya eneo la shule. Usiende kukwangua ndani ya Hifadhi ya Gombe, kwani kuchukua mimea hifadhini bila kibali hakuruhusiwi na hakuna haja ya kufika huko. Kama utapata nafasi ya kwenda Uvinza, ambako uchimbaji wa kiakiolojia wa mwaka 1967 ulionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, chunguza kuta na mashina yaliyo karibu na chemchemi za chumvi na yaliyo mbali nazo, ukaandike kuvumwani iko wapi na wapi haipo. Uchunguzi wa namna hiyo ni mradi unaojitegemea, na mimi nauona bora kuliko majaribio mengi ya mezani.

Maji ndiyo yanayowaponza wengi. Maji ya Ziwa Tanganyika yanaonekana masafi, na maji ya bomba ya mjini yanatoka humo, lakini yana ualkali wa karibu pH 9 na magnesi nyingi iliyoyeyuka, na ya bomba huongezewa klorini. Ukiyatumia, sahani yako isiyo na chumvi haitakuwa isiyo na chumvi. Maji ya mvua yanafaa zaidi, ila usiyakinge kwenye bati: bati jipya lina zinki, na kuvumwani hufyonza metali kwa wepesi kiasi kwamba katika nchi kadhaa hutumiwa kupima uchafu wa metali hewani. Tandaza turubai safi la plastiki uwanjani mvua ikiwa imeshanyesha kwa muda, kisha ukinge kwenye ndoo. Maji yaliyokenekwa maabara yanafaa pia. Yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa jina la maji ya betri yaache, kwa kuwa jina hilohilo hupewa pia asidi, na si kila muuzaji anayeitofautisha.

Kipande ulichokibandua kioshe mara tatu kwenye maji ya mvua, ukitoa udongo, wadudu na majani makavu. Kiweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko uliolegezwa, juu ya tabaka tatu za karatasi ya tishu yenye unyevu, mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, kwa siku saba. Siku hizo saba si za kupoteza wakati. Mmea uliotoka kwenye ukuta wa jua la saa nane huenda tayari una homoni nyingi iliyotengenezwa na mwili wake wenyewe, na ukiujaribu siku hiyohiyo tofauti unayoitafuta itakuwa imeshafunikwa.

Kutengeneza maji ya chumvi na ya homoni

Yeyusha gramu 58.4 za chumvi katika maji ya mvua, ongeza maji mpaka ifike lita moja, na utakuwa na mchanganyiko mama wa moli moja kwa lita. Kutoka humo, mililita 50 zikiongezwa maji hadi lita moja hutoa milimoli 50 kwa lita. Mililita 100 hutoa milimoli 100. Mililita 200 hutoa milimoli 200. Na mililita 300 hutoa milimoli 300. Chumvi ya maabara ndiyo bora. Chumvi ya mawe ya Uvinza inaweza kutumika darasani ikiwa itayeyushwa, ikaachwa itulie usiku kucha na kuchujwa kwa kitambaa safi, ingawa ina mabaki ya chumvi nyingine. Ya pakiti iliyotiwa madini joto naiepuka, maana imeongezewa kitu ambacho sikukipangia kundi la kulinganisha.

Asidi absisiki huagizwa kwa wauzaji wa kemikali za maabara, kwa kawaida kupitia Dar es Salaam, na ni ghali kwa uzito wake. Lakini kichupa cha miligramu 100 kinatosha shule kwa miaka. Mizani nyingi za shule haziwezi kupima miligramu chache kwa uhakika, kwa hiyo usipime kabisa. Mimina etanoli ya maabara mililita 38 na uyeyushe kichupa kizima, ukikisuuza mara mbili tatu kwa etanoli hiyohiyo ili unga usibaki. Utapata mchanganyiko wa milimoli 10 kwa lita, na mililita moja ya huo katika lita moja ya maji ya mvua ni mikromoli 10 kwa lita, kiwango ambacho kimetumiwa sana kwa kuvumwani. Spiriti ya rangi inayouzwa kwa ajili ya majiko isitumike. Zungushia chupa karatasi ya alumini na uihifadhi kwenye friza, kwa sababu mwanga huigeuza homoni kuwa umbo lisilofanya kazi, na umeme ukikatika kwa saa chache haidhuru ilimradi chupa ibaki gizani.

Shule isiyoweza kununua homoni inaweza kuufanya mmea uitengeneze wenyewe. Imeonekana kwa Funaria hygrometrica, kuvumwani inayopenda kuota mahali palipochomwa moto, kwamba ikikaushwa polepole asidi absisiki huongezeka ndani yake nayo hupona, lakini ikikaushwa ghafla hufa, isipokuwa kama imepewa homoni hiyo kabla. Kwa hiyo weka mimea kwenye sahani ndani ya ndoo yenye mfuniko, pamoja na bakuli la maji yaliyoshiba chumvi, yaani yenye punje ambazo hazijayeyuka chini yake. Hewa iliyo juu ya maji hayo hubaki na unyevu wa karibu asilimia 75, na mimea hukauka taratibu usiku mzima bila ya kuguswa na chumvi. Asubuhi ilowanishe kwa maji ya mvua, uiache saa mbili, kisha uendelee. Njia hii naipenda, lakini ieleweke kwamba ukaukaji hubadilisha mambo mengi ndani ya seli kwa pamoja, kwa hiyo matokeo yake yanadokeza kazi ya homoni bila kuithibitisha.

Siku ya homoni na siku ya chumvi

Kwa kibano, chagua vishina vya kijani vyenye urefu unaolingana, ukate sehemu ya juu ya milimita tano, na uweke ishirini katika kila sahani ya petri yenye tishu. Vifuniko vya makopo ya plastiki vilivyooshwa vinafaa mahali pa sahani. Makundi ya lazima ni manne: lisilopewa chochote, lililopewa homoni tu, lililopewa chumvi tu, na lililopewa homoni kisha chumvi. Yale mawili yasiyopewa homoni yapewe etanoli tupu kwa kiasi kilekile cha mililita moja kwa lita, la sivyo hutajua kama kilichofanya kazi ni homoni au kileo chake. Kila kundi liwe na sahani tano. Anayeandika namba kwenye sahani asiwe ndiye atakayesoma matokeo. Jicho linalojua lipi lina homoni huona ukijani hata pasipokuwapo.

Siku ya kwanza, asubuhi, lowesha tishu za makundi mawili kwa maji ya homoni na za mawili mengine kwa maji ya etanoli, ufunike, na uache kwa saa 24 kamili. Kama una muda, acha saa 48. Siku ya pili mwaga maji yote na uweke ya chumvi kwa makundi mawili yanayohusika, na ya mvua kwa mengine mawili. Anza na milimoli 200 ikiwa una sahani chache; ukiwa nazo nyingi, rudia seti nzima kwa 50, 100 na 300. Kuvumwani ya ukutani, hasa ile yenye ncha za rangi ya fedha iitwayo Bryum argenteum, imezoea shida, na kwake milimoli 100 huenda isionyeshe tofauti yoyote kati ya makundi. Hilo likitokea, panda juu kwa hatua.

Sahani zikae mezani ndani ya chumba, mbali na dirisha la magharibi. Jua la mchana la Kigoma likipiga sahani iliyofunikwa, ndani yake huwa tanuri, na nimewahi kuzitupa seti mbili nzima jalalani kwa sababu ya alasiri moja ya Februari. Badilisha nafasi za sahani kila siku kwa kupiga kura.

Wakati chumvi inafanya kazi yake, kuna jambo ambalo kila mwanafunzi alione kwa macho yake. Bandua jani moja kwa kibano, uliweke kwenye kioo cha hadubini katika tone la maji ya mvua, na ulifunike. Kwa kukuza mara 400 seli zinaonekana moja moja, zimepangwa kama vyumba, na kloroplasti zake, yaani vidonge vya kijani vya mviringo, zimeenea pembeni mwa kila ukuta. Sasa weka tone la chumvi ya milimoli 300 upande mmoja wa kifuniko na uguse upande wa pili kwa ncha ya tishu, ili maji yavutwe kupita juu ya jani. Subiri bila kuondoa jicho. Kwanza kona za seli huonekana tupu. Kisha kilichomo ndani hujivuta kutoka ukutani, kloroplasti zikisongamana, mpaka kila chumba kinabaki na donge la kijani katikati. Vuta maji ya mvua kwa njia hiyohiyo, na seli zilizo hai zitajaa tena. Zilizokufa zitabaki na madonge. Fanya hivyo kwa jani lililopewa homoni jana na kwa lisilopewa, kisha hesabu katika seli hamsini ni ngapi zilizorudi. Hakuna kipimo kingine katika mwongozo huu kinachogharimu kidogo na kufundisha sana kama hiki.

Kusoma matokeo

Chumvi ikae siku tatu. Siku ya tano ya jaribio, toa vishina kumi katika kila sahani kwa ajili ya kupima uvujaji, na kumi vilivyobaki uvirudishe kwenye maji ya mvua vipone.

Uvujaji hupimwa kwa kipimo kidogo cha upitishaji umeme, kile wanachotumia wapima maji ya visima. Utando wa seli ukiharibika, chumvi za ndani huvuja na maji hupitisha umeme zaidi. Ugumu ni kwamba mimea yenyewe imetoka kwenye chumvi, kwa hiyo ioshe haraka mara tatu na upime maji ya kuoshea mara ya mwisho. Usomaji wake ukiwa bado uko juu kuliko wa maji ya mvua matupu, osha tena. Kisha viloweke vishina kumi katika mililita 20 za maji ya mvua kwa saa mbili na usome. Baada ya hapo vitokose kwa dakika kumi katika chombo kilichofunikwa, uongeze maji yaliyopotea, uyaache yapoe mpaka joto la chumba, na usome tena. Usisome yakiwa ya moto, maana usomaji hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila digrii moja. Toa usomaji wa maji matupu katika vyote viwili, gawanya wa kwanza kwa wa pili, uzidishe kwa 100. Asilimia kubwa ina maana ya tando zilizopasuka.

Kuna mtego wa kutafsiri. Kundi la homoni bila chumvi litaonekana limedumaa ukililinganisha na lisilopewa chochote, na wanafunzi huandika kwamba homoni imelidhuru. Asidi absisiki hupunguza ukuaji. Mmea unaojiandaa kwa shida hautumii akiba yake kurefuka. Kwa sababu hiyo urefu usitumike kama kipimo cha ustahimilivu wakati homoni bado ipo. Angalia uvujaji, hesabu ya seli zilizojaa tena, na zaidi ya yote kupona.

Kwa vishina vilivyorudishwa kwenye maji ya mvua, badilisha maji kila siku kwa siku tatu za kwanza ili chumvi iishe, kisha uviache. Usiviandike vimekufa kwa kuona majani ya kahawia, kwani kuvumwani huweza kuchipua kutoka kwenye kishina ambacho majani yake yote yamekwisha. Siku ya 14 tangu kurudishwa, vitazame kwa lenzi ya mkononi katika kwapa za majani na chini ya kishina, ukitafuta ncha mpya ya kijani kibichi au uzi mwembamba unaotambaa kwenye tishu. Hesabu vilivyochipua kati ya kumi, ndipo mfungue karatasi ya namba na kusoma sahani ipi ilikuwa ya kundi gani.